Nembo ya Shati la Askari

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala kilichobaki chunguni, kisha akazama kwenye povu. Mama yake alikuwa dobi, na nguo za watu hazingoji mtu apumzike. Siku hiyo mabega yalimuuma, vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji, na hata ule mdomo uliompatia jina la Chiriku ulikuwa umechoka.

Bibi Jirani, aliyeishi chumba cha mwisho uani, aliwaletea shati kuukuu la jeshi. Lilikuwa la mdogo wake, aliyekufa vitani angali kijana. Lilirudi shati, mwenyewe hakurudi.

"Lifueni taratibu," alimwambia mama. "Kesho nalipeleka ofisi ya wanajeshi wastaafu. Wakiitambua nembo hii, watajua kikosi chake, na wataniambia alipozikwa. Nimechoka kumlilia mtu asiye na kaburi."

Nembo yenyewe ilikuwa duara dogo la kitambaa juu ya mfuko, lenye nyota na mchoro uliopinda, nyuzi zake zimepauka.

"Ibandue kwanza, isije ikachuja rangi," mama alimwagiza Chiriku. "Na usisahau chaki."

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya mama: kabla ya kubandua nembo, unaitia alama ya chaki upande wa juu, ili usikosee kuirudishia. Lakini chaki ilikuwa ndani, na miguu ya Chiriku iligoma. Akafumua nyuzi, akafua, na shati lilipokauka akairudishia nembo huku anasinzia. Alipokata uzi ndipo akakumbuka: mwanzoni nyota ilikuwa juu. Sasa ilikuwa chini.

Kabla hajafungua mdomo, kinyozi wa mtaani, aliyefuata mataulo yake, akalinyakua shati. Majirani wakamzunguka.

"Hizi ni pembe," alisema. "Tazameni. Pembe mbili, na hii nyota chini ndiyo uso. Hiki ni kikosi cha nyati."

"Nyati wewe umemwona wapi?" muuza mkaa akamtania. "Kwenye kalenda ya kinyozini kwako?"

"Nimwone wapi tena? Si wewe hupita pale kila siku?"

Watu wakaangua kicheko, na Bibi Jirani akacheka pia. "Nyati," akarudia. "Kweli alikuwa na nguvu, mdogo wangu."

Chiriku akaitazama nembo. Aanze kufumua tena? Amharibie bibi furaha yake? Akanyamaza.

Kesho yake jioni Bibi Jirani alirudi akiburuta miguu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimemwambia karani atafute kikosi cha pembe. Kafunua picha zote, hakuna. Ananiambia huenda shati lilinunuliwa mtumba." Akalikunja shati mapajani. "Labda hata askari hakuwa. Labda alitudanganya."

"Alikuwa askari, bibi," Chiriku alisema kwa sauti nyembamba. "Ni mimi. Nembo niliishona kichwa chini miguu juu. Sikuweka chaki. Nilijua tangu jana, nikanyamaza."

Mama alimkabidhi wembe. Chiriku akafumua, akaigeuza nembo. Pembe zikainama zikawa tao, na nyota ikakaa juu yake.

"Daraja," Bibi Jirani alisema polepole. "Alipokuja likizo viganja vilimjaa malengelenge. Alisema wanabeba mbao."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, na ofisi hufunguliwa hadi adhuhuri; Chiriku akaenda na Bibi Jirani. Karani aliitazama nembo mara moja. "Wajenzi wa madaraja," akasema, akaingia ndani. Alipotoka, alivuta kiti akaketi karibu na Bibi Jirani. "Wana makaburi yao kando ya mto, bibi. Na jina la mdogo wako lipo."

Nyumbani, mlima wa nguo ulikuwa unangoja. Mama alimsogezea Chiriku kigoda.

"Umechoka, najua. Hata mimi nimechoka," alisema. "Kushona vibaya ni kazi ya kufumua tu, ikaisha. Lakini uliponyamaza, bibi wa watu alifika mahali pa kumwona marehemu mdogo wake mwongo. Ukikosea, mwanangu, sema palepale, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Nimekuelewa, mama," Chiriku alijibu, akatumbukiza mikono kwenye maji.