Mkono wa Marehemu Hemedi

"Watu wa Kasongo, uchunguzi umefunguliwa rasmi! Mhalifu ajiandae kulia!" alitangaza Iliasi, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo, akiwa amesimama juu ya kinu.

"Shuka, bwana mdogo, kitapasuka," alisema bibi yake, Waridi.

Jambo liligunduliwa Jumatatu. Bima ya afya ilikataa kulipia upasuaji wa ngiri wa Latifa, mdogo wake Iliasi. Ankara ya zahanati moja ya Kabambare ilidai kwamba babu Hemedi alitibiwa mkono uliovunjika mwezi wa Machi. Babu alizikwa Januari. Kadi zote za familia zikafungwa mpaka ukweli ujulikane, na Latifa alikuwa chumbani akiugulia.

Tangu siku hiyo bibi alilala bila kufunga mlango. Pazia likitikisika, nyumba nzima iligeuka kutazama.

"Unafikiri ungali unamuuma?" alinong'ona. "Huo mkono?"

Iliasi alivuta chini mkono wa shati lake.

Alhamisi, Chimène wa ofisi ya bima alifika na Ruphin, karani wa zahanati. Iliasi akamrukia Ruphin.

"Ulibuni mgonjwa ili mlipwe!"

"Petit, mdogo wangu, mimi naandika kile kadi inasema. Kadi haina picha. Naita jina dirishani, mutu anaitika, sura siangalii, basi."

Iliasi akamgeukia baba yake mdogo, Souleymane, dereva wa pikipiki. "Wewe ndiye unayekwenda Kabambare kila wiki!"

"Na mkono uliovunjika ningeshikaje usukani, Inspekta?" Souleymane alinyoosha mikono yote miwili. "Kwanza wewe, na joto hili, mbona shati la mikono mirefu?"

Chimène hakucheka. "Ruphin, mgonjwa huyo aliitwa mara ngapi?"

"Nyingi. Kwa daktari, kwa plasta, kwa dawa."

"Mwite tena. Vilevile."

Ruphin alivuta pumzi. "Hemedi Bulaimuuu!"

Bibi alishika kifua. Kuku waliacha kuparua. Kisha sauti ikajibu:

"Niko!"

Ilikuwa sauti ya Inspekta.

Chimène alimkunjia mkono wa shati. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya kiwiko.

"Nilitoroka bweni na pikipiki ya rafiki yangu," alisema Iliasi. "Tukaanguka huko Kabambare. Kwa kadi yangu baba angejua. Ya babu nilikuwa nayo mfukoni tangu matanga. Sikujua ingemfungia Latifa."

"Ruphin, sahihisha ankara; nanyi wa nyumbani, ulipieni mkono huo wenyewe," alisema Chimène. "Kesho Latifa anapasuliwa."

Bibi hakumgombeza. Aliuliza tu: "Kwa hiyo babu yako hakuja? Hata usiku mmoja?"

Iliasi aliketi kando yake.

"Hakuja, bibi. Ilikuwa ni mimi."