Chungu Kidogo cha Angetile

Kila asubuhi Angetile alianza kazi kwa kunusa. Mama yake, Atuganile, alikuwa na nyumba ya kulia chakula karibu na bandari ya Mwaya, na amri yake ya kwanza ilikuwa hiyo: samaki hunuswa kabla hajaguswa na kisu. Amri ya pili ilikuwa kwamba samaki aliyebaki jioni hupasuliwa, hutiwa chumvi na kupandishwa kichanjani juu ya moshi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mianzi na nyasi, lakini ilikuwa nadhifu kupita nyumba nyingi za wakubwa. Sakafu ilisiribwa kila Jumamosi, na mabakuli ya udongo yaliyofinyangwa na akina mama wa Kikisi yalisuguliwa mpaka yakang'aa. Wapagazi, makarani na mabaharia wa meli ya Wadachi walikaa mkeka mmoja, wakala samaki aina ya mbasa kwa wali au ndizi, wakacheka kwa sauti.

Mtu mmoja tu hakuifurahia nyumba hiyo: Babu Lutengano wa Ipyana, baba mkwe wa Atuganile. Hakuona sababu ya mke wa mwanawe kuwapikia watu asiowajua. "Nitakuja kula mwenyewe," alikuwa ametuma ujumbe. "Nisiporidhika, Hezroni ataifunga." Hezroni, baba yake Angetile, alikuwa seremala huko misheni, na hakuwahi kupinga neno la mzee wake.

Jumanne moja jioni Angetile aliambiwa awapasue mbasa wawili waliobaki. Mara rafiki yake Tusekile akamwita wakaangalie mitumbwi ya Wakisi ikipakua vyungu. Angetile aliwafunika samaki kwa majani ya mgomba. "Narudi sasa hivi," alijiambia. Sote tunaijua hiyo sasa hivi! Alirudi giza limeingia, akala, akalala.

Asubuhi aliwanusa, akakunja uso. Alijua wanatakiwa kutupwa, lakini aliogopa kuulizwa. Akawaosha mara tatu, akawakamulia ndimu nyingi, akawapika peke yao katika chungu kidogo. Aliomba moyoni vyungu vikubwa vitoshe, ili baadaye akimwage hicho kimyakimya.

"Hawa wote ni wa leo?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mchana wateja walijaa, na vyungu vikubwa vikaisha. Ndipo sauti nzito iliposikika nje: "Hodi! Mgeni kutoka Ipyana!"

Atuganile alijifunika kitambaa usoni na kutokea mlango wa nyuma mbio. Kwa Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake, wala hasemi naye, na hata baada ya kubatizwa Atuganile aliishika heshima hiyo. Siku zote alionja kila chungu kabla hakijapakuliwa. Siku hiyo hakuwahi. Alimwashiria tu binti yake ampakulie babu, kisha akapotelea kwenye migomba.

"Shikamoo, babu," Angetile alisema. Alimnawisha mikono, akaweka wali, akaweka na bakuli la samaki wa chungu kidogo.

"Ndimu inanukia vizuri," mzee alisema, akamega tonge.

Angetile aliitazama miguu ya mzee iliyojaa vumbi la njia ndefu. Alimwonea huruma, akajionea aibu. Akaushika mkono wake. "Babu, usile! Samaki huyo ameharibika!"

Karani mmoja aliacha kutafuna.

"Wako ni wa leo, bwana karani," Angetile alimwambia haraka. Kisha akaeleza yote huku akilia.

"Mama yako anajua?" babu aliuliza.

"Hajui. Nilimdanganya."

Mzee alilirudisha tonge. "Mimi siwezi kusema naye. Nenda ukamwambie wewe, na usipunguze neno."

Huko migombani Angetile hakupunguza neno. Mama alifumba macho. Aliona nyumba yake imeshamponyoka.

"Mwambie babu yako kosa limetoka jikoni kwangu," alisema. "Naomba radhi. Akiifunga, sitalalamika. Na samaki hao kawafukie, mbwa wasiwapate."

Kuupeleka ujumbe ule kulimuuma Angetile kuliko kiboko. Mama yake alibeba kosa ambalo hakulitenda! Babu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mvuvi wenu ameshaondoka?"

"Hapana, Zebedayo bado yuko ufukoni."

"Basi nitasubiri."

Angetile alileta mbasa wapya, akawanusa mmoja mmoja, akawapasua. Mama aliwapika kwenye mafiga ya nyuma ya nyumba. Babu alikula taratibu mpaka ikabaki mifupa mitupu, kisha akamketisha mjukuu wake karibu naye.

"Uvivu wako wa jana ungekugharimu samaki wawili tu," alisema. "Uongo wa asubuhi ungeweza kumuua mtu. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijafika mdomoni mwa mwingine. Leo umechelewa, lakini umesema, tena mbele za watu na huku unaogopa. Hilo hukuzaliwa nalo, umefundishwa. Mwambie mama yako kwamba tangu aolewe sijauona uso wake, lakini leo nimeona jinsi anavyolea. Nyumba isifungwe. Mpe ndaga yangu, ameshukuriwa."

Angetile alikimbia na ujumbe huo. Alimkuta mama amesimama karibu na ukuta, kitambaa kikiwa bado usoni, na kimelowa machozi. Alikuwa ameshasikia yote, lakini alimwacha binti yake amwambie mwanzo hadi mwisho.