Ukuta wa Kulia

"Mungu wangu, herufi zimegeuka."

Mtunza picha wa makumbusho alikuwa peke yake, lakini alisema kwa sauti. Kwenye skrini lilikuwa jengo la posta ya mkoloni likiwa jipya, picha iliyopigwa zamani kwenye kioo, na maandishi juu ya mlango yalisomeka kinyumenyume. Kumbe wiki iliyopita alikilaza kioo upande usio wake, kushoto kukawa kulia, akamchapia picha mchumba wake, mhandisi anayekarabati jengo hilo. Picha ikadanganya kwamba ukuta wa kulia haukuwepo jengo likiwa jipya, uliongezwa baadaye, hivyo unavunjika bila shida. Maandishi hayakuonekana, maana mchumba mwenyewe alimwambia, "Kata hapo juu, mpenzi, nahitaji kuta tu."

Akampigia simu.

"Msiguse ukuta wa kulia. Nilikosea. Huo ndio uliobeba ghorofa."

Akaibana simu sikioni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Nilijua tangu siku ile, niliyaona maandishi kabla hujayakata."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Tajiri mwenye jengo anataka kiwanja kitupu. Amekatazwa kubomoa. Likianguka lenyewe, nani atalaumiwa?"

"Mimi. Picha ina muhuri wangu."

"Utapewa onyo tu, mpenzi, yataisha. Tutaoana, tutajenga. Ukuta umeshakatwa na mafundi nimewatoa wote. Hakuna atakayeumia."

Ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa baba yake, seremala wa madirisha ya jengo lile lile: *Mwanangu nitachelewa, nimerudi ghorofani kuchukua msumeno.*

"Baba yuko juu," alisema.

"Nimemruhusu aende nyumbani tangu asubuhi."

"Nakwambia yuko juu!"

Akasikia hatua zikikimbia, kisha mchumba akiita, "Mzee, shuka, acha kila kitu!" Halafu ngurumo, na simu ikakatika.

Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Alikaa sakafuni akalia kama mtoto, mpaka namba ya baba ikaita.

"Mwanangu, niko hai." Mzee alikuwa anakohoa vumbi. "Mwenzio amenivuta mlangoni, jengo likashuka nyuma yetu. Huyu kijana ana upendo. Olewa naye hata kesho."

Alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya meza. Kisha akakigeuza kioo, akaanza kuchapa picha nzima, na maandishi yake.

"Baba, sogea mbali na huyo mtu. Nakuja na polisi."