Mstari wa Shingoni

Haya yamemkuta shangazi yangu, Bi Time, hapa hapa mtaani kwetu Barking, ughaibuni, nami si mwepesi wa kuamini. Siku ya Jumanne alikuwa akichambua mchele, mwanawe Hafidh, mtengeneza fremu, akaleta picha aliyopewa na mteja wake, Magloire, aitie fremu. Bonde jeusi, miti mikavu, mji ukielea mawinguni, na chini kabisa msafiri mdogo. Mfaransa wa zamani aliichora kwa sindano juu ya bamba la shaba, asidi ikala mistari, akapiga chapa kadhaa za karatasi zinazofanana.

Shangazi hasali penye picha ya kiumbe. Desturi yake ni kupitisha mstari shingoni, kiumbe kihesabike hakina roho. Akachukua penseli, akampitishia msafiri mstari.

"Mama, ya watu hiyo!"

"Penseli tu, mwanangu. Itafutika."

Akasali adhuhuri. Alipotaka kutoa salamu, sauti haikutoka.

Daktari alimpima koo, hakuona kitu. Mimi nikamshuku Magloire. Nikampigia; namba haipatikani. Huyu katuletea mambo, nikasema. Shangazi yangu, mwenye mdomo kama cherehani, sasa anatuandikia kwenye karatasi! Niliumia sana. Siku ya tatu akaandika: "Nifutieni ule mstari."

Hafidh akafuta taratibu. Mstari ukatoka wote.

"Mama, hebu sema," akanong'ona.

Shangazi akafungua mdomo. Kimya.

Jumba moja la makumbusho mjini lina chapa nyingine ya picha ile. Tukaomba kuiona, nilitaka kujua Magloire katuingizia nini nyumbani. Mtunza picha, Anne, akatuwekea mezani. Saa nane mchana, watu wamejaa, taa zinawaka.

Msafiri alikuwa na mstari shingoni.

"Nani kachora hapa?" nikauliza.

"Hakuna," Anne akasema. "Ni wino. Mstari umechongwa kwenye shaba yenyewe. Hii iko hapa tangu kabla babu yangu hajazaliwa."

Hafidh akanishika mkono. Tukarudi nyumbani mbio.

Shangazi alitufungulia mlango. Macho mekundu. Mkononi ana dodoki lenye povu jeusi. Akashusha mtandio.

Shingoni, sikio hadi sikio, mstari mwembamba. Mweusi. Nikaupitisha kidole. Umezama ndani ya ngozi.

Tumejaribu sabuni. Tumejaribu ndimu. Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, bado anausugua.