Sufuria ya Bonané Isiyo na Chumvi

Orpa alikuwa akifagia uwanja huku akiuliza maswali, kama alivyozoea kila asubuhi. Kwa nini kuku wa jirani wanakuja kula kwao lakini wanataga kwingine? Kwa nini pasta huhubiri kwa muda mrefu zaidi siku ambayo watu wana njaa? Dada yake Solange, aliyekuwa akiwasha makaa kwenye mbabula, alijibu swali moja na kuliacha la pili lipite. Ilikuwa siku ya Bonané, na mtaa mzima wa Bungulu, mjini Beni, ulinukia mapishi ya mwaka mpya.

Lakini kulikuwa na swali moja lililomsumbua Orpa tangu akiwa mdogo. Kila Bonané, kabla ya kugusa wali na kuku, familia yao ilikula kwanza maharagwe yaliyopondwa pamoja na viazi, bila mafuta, bila kitunguu, bila hata chembe ya chumvi. Mama yake alikuwa mpishi hodari mwaka mzima. Siku hiyo moja tu alipika kama mtu aliyesahau kupika. Ukimwuliza sababu, alijibu kwa ufupi.

"Kula tu, mutoto yangu."

Mwaka huu walimngojea mgeni. Mama Kasika, bibi mzee aliyekuwa jirani yao zamani kabla ya kuhamia Butembo, alikuwa njiani kuja kula nao kwa mara ya kwanza. Orpa akaingiwa na wasiwasi. Mgeni atoke Butembo, apigwe na vumbi njia nzima, halafu apewe chakula kisicho na ladha? Wangeuficha wapi uso wao?

Mama alipotoka kumpokea mgeni, na Solange alipoingia ndani kupiga pasi nguo yake ya kwaya, Orpa alifunua sufuria. Alitia chumvi, akakoroga, akaonja. Kilikuwa kitamu kweli. Akafunika na kurudi kufagia, akijiona amewaokoa wote.

Walipoketi kula, baba aliomba, kisha mama akampakulia mgeni, na mwenyewe akaonja. Akamtazama binti yake mkubwa.

"Solange, uliweka chumvi humu?"

"Hapana, mama. Hapana miye."

"Mais weye ndiye ulibakia na sufuria. Unanidanganya mbele ya mugeni? Donc leo kwaya hapana. Utabakia hapa nyumbani."

Machozi yalimlengalenga Solange. Alasiri ile ndiye angeongoza wimbo kanisani, na alikuwa ameufanyia mazoezi tangu mwezi uliopita. Orpa alitazama sahani yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi, maana hakuna aliyemwona. Ila hakuweza kula huku dada yake akiadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

"Mama, ni miye," alisema. "Nilitia chumvi. Nilisikia haya kumupatia Koko chakula bila ladha."

Koko ndivyo watoto walivyomwita bibi yule. Baba aliweka kijiko chini.

"Orpa, sikia. Tulikimbia vita, tukafika huku Bungulu bila kitu, Solange mugongoni. Koko hakutujua. Lakini alitupatia sufuria yake yote, maharagi na viazi, bila chumvi. Tunakulaka vile kila Bonané, juu tusisahau."

Mama Kasika aliinua macho kutoka kwenye sahani yake.

"Miaka yote munakulaka bila chumvi? Juu ya ile sufuria yangu?"

"Ndiyo, mama," baba alijibu.

Bibi alicheka mpaka akafuta macho.

"Batoto bangu. Ile siku nilitafuta chumvi kwa majirani, nikakosa. Nilisikia haya ya kupatia bageni chakula kama ile, na mpaka leo hiyo haya haijanitoka. Leo ndiyo naona sufuria vile nilitaka kuwapatia. Muniongezee."

Mama alimgeukia Solange, akamwomba msamaha mbele ya wote, na kumwambia akajiandae kwa kwaya. Kisha baba akamvuta Orpa karibu.

"Ulikosea kutia mukono pahali ulipaswa kuuliza," alisema. "Mais umesema kweli, hata kama hakuna mutu alikuona, na hiyo ni muzuri sana. Na siye bakubwa pia tulikosea. Tulishukuru miaka yote, na hatukumuuliza yule alitupatia. Mutu akikusaidia, usikumbuke tu njaa yako. Umukumbuke na yeye."

Orpa aliitikia kwa kichwa. Lakini Orpa ni Orpa.

"Koko, na weye? Ile maharagi nani alikupatia?"

Mama Kasika aliacha kutafuna. Akaanza kuwasimulia habari za mama mmoja wa huko Musienene, aliyemletea gunia la maharagwe mwaka ule wa vita, na ambaye yeye Koko mpaka leo alikuwa hajamshukuru.