Namba ya Chaki Ukutani

Kila asubuhi, kabla ya chai, kibanda cha baba yangu cha kutengeneza redio pale Kawangware 46, Nairobi, kilifanyiwa ibada yake. Waya wa antena uliunganishwa na kipimo cha masafa, chombo kizee cha chuma chenye nobu moja kubwa. Ulizungusha nobu pole pole huku ukiutazama mshale. Mshale ukipanda hadi juu kabisa, basi kipimo kimeyashika mawimbi ya stesheni ya taifa. Hapo namba iliyo kwenye alama ya nobu ilipaswa kulingana na ile iliyoandikwa kwa chaki ukutani. Ikilingana, kazi inaanza.

Novemba ya mwaka 1994, kazi hiyo takatifu nilikabidhiwa mimi, Kaluki, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, niliyerudi kutoka bweni na ripoti yenye neno "utundu" mara tatu.

Alhamisi moja nilikuwa na kinyongo na kaka yangu Kyalo. Alikuwa ameniita "mtoi wa boding, hata koleo hujui kushika." Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, nililegeza skrubu ya nobu, nikaisogeza mistari mitano, nikaikaza tena. Kyalo angepima, apate majibu ya ajabu, nami nicheke. Mpango ulikuwa safi. Ila Baba alimtuma Kyalo mjini kununua vipuri, akaketi mezani yeye mwenyewe.

"Kaluki, umepima asubuhi?"

"Nimepima, Baba. Iko sawa."

Neno hilo lilinitoka laini kama siagi.

Kabla ya saa sita akaingia Mwalimu Nafuna, jasho likimtiririka. Alikuwa ametembea kutoka shule yake ndogo ya mabati karibu na kituo cha Olympic, kule Kibera, akiwa amebeba redio kubwa kwenye kiondo.

"Fundi Mwanzia, niokoe! Brandon wa darasa la sita ameifungua na kuikorogakoroga ndani. Eti alitaka kuona mtangazaji anakaa wapi."

"Alimpata?" Baba akauliza.

"Usinichekeshe. Saa nane kuna kipindi cha mwisho cha marudio ya masomo redioni, na wiki ijayo darasa la nane wanafanya mtihani. Watoto arobaini na wanane, redio ni hii moja."

"Huna ya kuazima?"

"Ningekuwa nayo ningetembea na hili jiwe?"

Redio inayofanya kazi hutoa mawimbi madogo ndani yake. Baba alisogeza waya wa kipimo karibu, akazungusha nobu. Mshale ukapanda. Akasoma namba, akakunja uso. Akachukua bisibisi ya plastiki, akazungusha kiini chekundu ndani ya redio, kile kinachopanga masafa yake, kisha akapima tena. Akazungusha tena. Namba ilipokaribia kuwa alivyotaka, akajaribu kutafuta stesheni. Redio ikatoa sauti kama ya chapati ikikaangwa.

"Redio gani hii!" akafoka. "Kipimo kinasema inakaribia, masikio yanasema inatoroka!"

"Mwanzia, saa sita na nusu," Mwalimu Nafuna akasema.

"Naiona saa, Mwalimu!"

"Basi iambie na redio iione."

Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nilijishughulisha kupanga skrubu zilizokuwa zimepangwa tayari, nikimlaani Kyalo kwa kosa la kutokuwepo.

"Kiini kimefika karibu na mwisho," Baba akasema, akiinua bisibisi. "Nizungushe mara moja ya mwisho. Kikipasuka, Mwalimu, sina kingine. Cha namna hii hakipatikani hata mjini."

Mwalimu Nafuna akafumba macho.

"Baba, ngoja!"

Bisibisi ikasimama hewani. Nikasema yote: skrubu, mistari mitano, Kyalo, na kwamba sikuwa nimepima chochote. Nilitarajia kofi. Baba alininyooshea tu waya wa antena.

"Pima."

Nilizungusha nobu hadi mshale ukapanda juu kabisa. Namba haikufanana hata kidogo na ile ya ukutani. Nikalegeza skrubu, nikaiweka alama mahali pake bila kusogeza mshale, nikakaza. Baba akarudisha kile kiini nyuma, pole pole, akipima kila hatua. Saa saba na dakika kumi mtangazaji akajaa kibandani, sauti safi kabisa.

"Nyinyi watu!" Mwalimu Nafuna akasema, akapumua. "Sijui niwashukuru au niwachape."

"Mchape huyu njiani," Baba akajibu. "Ndiye atakubebea."

Nilibeba lile jiwe kichwani hadi Kibera. Saa nane kasoro dakika tano watoto arobaini na wanane walinyamaza wote pamoja, kalamu mkononi, na sikuona cha kuchekesha.

Niliporudi, Baba alikuwa akifuta meza.

"Kipimo kikipotoka nakisamehe," alisema. "Nina stesheni ya kukilinganisha nayo. Wewe ukiniambia umepima na hujapima, nitakulinganisha na nini? Mimi nafanya kazi kwa neno lako, Kaluki. Mzaha ungeniudhi tu. Uongo ndio ungewanyima wale watoto kipindi chao."

Kesho yake nilipima, nikasoma namba kwa sauti. Baba akatazama ukuta, akanitazama mimi, kisha akapima tena mwenyewe. Alifanya hivyo kila asubuhi hadi shule zilipofunguliwa.