Mwalimu Hajasema Basi

Haya yalimpata shoga yangu Mwaisha, hapahapa Geita, tena ana mtoto mchanga kama mimi. Mumewe, Salmini, mlinzi wa mgodini, alikuwa akifundishwa mapigano ya fimbo na visu na mwalimu Mfilipino, mzee aliyefariki wiki iliyopita. Jana jioni umeme umekatika, Mwaisha akamfuata mumewe kwenye kontena la mazoezi, mtoto mgongoni. Ndani giza totoro, fimbo zinagongana, ta, ta, ta, kama za watu wawili.

"Baba Zuhura, uko na nani humo? Twende nyumbani."

"Siwezi kuacha, Mama Zuhura. Mwalimu hajasema basi."

Mwaisha akawasha tochi ya simu. Salmini alikuwa peke yake, vidole vinavuja damu, na kila pigo lake lilikwama hewani, likalia: ta.